Baba Skola, vitabu vyako na pipa la pili

Mpendwa wangu Baba Skola,

Nakuita huko uliko, na leo nakuita kwa hofu. Nimeanza na hilo maana nikianza na salamu nitazunguka mpaka jioni na jambo lenyewe nitalisahau, unanijua. Kesho asubuhi gari la serikali linakuja kunichukua hapa Chanji, nikawaonyeshe mahali lilipokuwa ghala lenu la shamba la utafiti, kule upande wa Mollo. Wanatafuta pipa la nta. La kwanza limeshapatikana, na namna lilivyopatikana nitakueleza. Mimi nimesema yalikuwa mawili. Karatasi za ofisi yao zinasema moja. Sasa watu wazima wenye kazi zao wanasubiri kauli ya bibi asiyejua hata kuandika jina lake. Nikiwa nimekosea nitakuwa nimetia watu hofu bure. Nikiwa sijakosea, mwenzangu, nikiwa sijakosea...

Anayeandika ni Skola mwanao. Anasema barua hii ataipeleka redioni isomwe, watu wengi waisikie, labda na mwenye pipa atasikia. Mimi nimemwambia sawa, lakini naongea na mume wangu, hao wengine wasikilize tu kwa dirishani. Na asinirekebishe. Amezoea kunirekebisha huyu, tangu afungue duka anajiona bwana fedha. Andika, Skola, usicheke.

Basi. Unakumbuka vitabu vyako? Vile vizito, vya Kizungu, ulivyokuja navyo siku wanafunga shamba. Nilidhani umepewa mabati, maana wenzako wote walirudi na mabati, mwingine na mlango, mwingine na toroli. Wewe ukaja na vitabu kwenye gunia la ulezi, umeinama kama mtu aliyebeba maiti. Nikakuuliza, "Vya nini?" Ukasema, "Walitaka kuvichoma moto." Nikakuuliza tena, "Kwa hiyo?" Ukasema, "Kwa hiyo nimevichukua." Tuligombana. Nilikuwa nataka bati la jiko.

Lakini baadaye nikavizoea. Mavuno yakiisha, jua likiwa limepoa, ulikuwa unatoa kimoja unakaa kibarazani unanisomea. Unasoma mstari kwa Kizungu kimoyomoyo, midomo inacheza, halafu unanigeuzia kwa Kifipa. Mwanamume wa darasa la saba! Yule mgeni mtafiti alikufundisha mwenyewe kazi ya kupima unyevu wa udongo, ukawa unatembea na kile kisanduku chenu kwenye ntumba zetu, kwenye vile vichuguu vya majani na udongo tunavyopandia, unaingiza bomba chini, unasubiri, unasoma namba. Watu walisema unawapimia makaburi. Mama yangu aliniuliza kabisa, "Huyo mume wako anawasikiliza wafu?" Nikamwambia hapana mama, anasikiliza maji.

Ulinieleza hivi, na sijasahau. Kuna kitu kidogo mno kinaitwa nyutroni. Hakina umeme, kwa hiyo kinapita kwenye chuma kama chuma hakipo. Kikikutana na maji kinachoka, mwendo unapungua. Kwa hiyo ukituma nyutroni ardhini ukahesabu zile zilizorudi zimechoka, unajua udongo una maji kiasi gani. Nikakucheka sana siku ile. Nikasema, "Kitu hakionekani, hakina harufu, hakina sauti, na bado unalipwa mshahara kwa kukihesabu? Na mimi nitafutie kazi hiyo." Ukacheka mpaka kitabu kikakuanguka. Halafu ukanionyesha picha ya pipa. Ukasema nta nayo ni hivyo hivyo, inawachosha kama maji, ndiyo maana zile mbegu zinazotoa nyutroni wanazifungia katikati ya pipa la nta. "Zikiwa humo," ukasema, "ni kama simba yuko ndani ya zizi."

Mbegu. Ndivyo ulivyoiita. Nikadhani ni mbegu kweli.

Sasa wewe umeondoka, vitabu vikabaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Kila nikifagia nasukuma sanduku, narudisha. Skola akaja juzijuzi hapa, akasema, "Mama, haya madude unaweka ya nini? Mpe mama wa karanga afungie karanga." Ndiyo, Skola, ulisema, andika. Nikamwambia ni vya baba yako. Akasema, "Mama, vya zamani hivi, mambo yenyewe yamepitwa, siku hizi kila kitu kiko kwenye simu." Nikamwambia basi nitafutie baba yako kwenye simu. Akalirudisha sanduku chini ya kitanda. Sikusema vile kwa hekima yoyote, nilikuwa nimekasirika tu. Wala sikuvitunza kwa sababu navijua. Vilikuwa na jasho lako kwenye majalada, basi.

Sikiliza sasa jambo lenyewe.

Lile ghala lenu lilibaki limefungwa miaka yote. Paa likaoza, ukuta mmoja ukalala. Mwaka huu wakaja wanunuzi wa chuma chakavu, wakang'oa kila kilichobaki. Wakalikuta pipa. Wakaona ndani ni nta tupu, nyeupe, imegandamana kama mafuta ya ng'ombe. Wao wanataka chuma, nta watafanyia nini? Na nani alikuwa anapita pale ametoka kuchuma mboga? Shemeji yako Veronika! Mdogo wangu wa mwisho, mwenyekiti wa jumuiya pale Mollo, ambaye akiona hata kamba barabarani anasema hii itafaa kanisani.

Veronika akaona nta akaona mishumaa. Wewe unajua shida ya mishumaa kijijini. Kila Pasaka wanachanga, kila Pasaka haitoshi, watu wanashika vipande kama vidole vya mtoto. Akawaita akina mama. Wakaja na majembe, wakachimba nta ndani ya pipa, wakabeba kwenye beseni, wakaimba. Katikati ya pipa kulikuwa na gogo refu la nta, nene kama paja, lina pete ya chuma juu na chuma kimepita ndani yake. Vijana wa chakavu wakalivuta kwa ile pete, likatoka zima. Likasimama lenyewe. Jeupe, limenyooka. Veronika anasema akina mama walipiga vigelegele. Mshumaa wa Pasaka! Ule mkubwa, unaowashwa gizani wengine wote wachukulie moto. Wanaupata bure, mkubwa kuliko wa mjini. Wakasema tusimwambie Padri, tumshangaze. Kilichobaki ni kumwita fundi aje na mashine ya kukatia, atoe hicho chuma cha katikati, watie utambi.

Wakaliweka nyumbani kwa Veronika. Chumbani. Wakalivika kitenge kipya, na kwenye mifereji miwili chini ya pete wakafunga utepe.

Na mimi nikaenda kumtembelea. Alikuwa na homa, nikaenda kumpikia. Nikalala mle chumbani, baba Skola. Lile gogo liko kichwani petu limevaa kitenge, na mimi nikalitania, nikasema, "Veronika, mgeni wako huyu hasalimii." Wajukuu zake walilala na sisi, wawili, mmoja bado ananyonya kidole. Nikarudi nyumbani nikiwa na furaha. Naona nimemuuguza mdogo wangu.

Kumbe huku mjini pipa tupu limefika kwenye yadi ya chakavu, wakalisugua kutu, chini ya rangi ikatokea ile alama, ile ya mapanga matatu kama feni. Kuna mtu akaijua, akaenda kwa mtendaji wa kata. Serikali ikaleta watu kutoka Dodoma, na mkubwa wao ni mwanamke, wanamwita Injinia Neema, bado msichana tu kwangu mimi, ana miwani na viatu vya shamba. Wakapima pipa. Pipa halina kitu. Hapo ndipo Injinia akaogopa, alinieleza baadaye. Anasema kwenye kazi yake pipa likilia ana amani, maana anajua kitu kiko wapi. Pipa limenyamaza, basi kilichokuwa ndani kinatembea.

Redio ikatangaza: yeyote aliyewahi kufanya kazi shamba la utafiti la zamani, au ndugu yake, afike. Mimi nilikuwa napembua ulezi. Niliposikia maneno "pipa lenye nta," ungo ulinitoka mikononi, ulezi wote chini, kuku wakasherehekea. Nikasema, "Skola, toa sanduku." Akasema, "Lipi?" Nikasema, "La karanga zako."

Tulifika kwa mtendaji, Skola amebeba vitabu, mimi nyuma yake. Injinia akanisalimia shikamoo, akanipa kiti. Alikuwa amechoka, amezungukwa na karatasi, simu mbili, kompyuta. Nikamwambia mume wangu alikuwa akipima udongo kwa nyutroni, ameacha hivi. Akachukua cha kwanza, kile cheusi kilichong'oka mgongo. Akafungua. Akafungua tena. Halafu yule msichana akakaa chini sakafuni na viatu vyake, kitabu mapajani, akawa anapeleka kidole kwenye mistari kama wewe.

"Bibi," akasema, "nimetafuta kitabu hiki siku zote hizi. Aliyetengeneza lile pipa hayupo tena. Vitabu vyetu vipya vinaeleza mashine mpya, hizi za zamani wameziacha."

Skola akamwuliza, "Si kwa sababu zimepitwa?"

"Zimeacha kutengenezwa, dada. Zilizokwisha kutengenezwa bado zipo. Ziko kwenye maghala kama hilo. Mtu akikutana nayo leo, kinachoijua ni kitabu cha enzi zake."

Akageuza ukurasa, na pale ukurasa mzima picha ya pipa, limekatwa katikati kama papai uone ndani. Ule ule uliokuwa unanionyesha. Akaweka kidole. Akasema, "Nilidhani mbegu imelala chini kabisa ya pipa, kwenye mfuko wa chuma, kama mashine za sasa. Siyo. Hapa wanaonyesha iko kwenye ncha ya hili gogo la katikati. Ukivuta gogo, umeivuta nayo." Akawainulia macho watu waliojaa mlangoni. "Wananchi, kuna mtu ameona gogo la nta, nene hivi, lina pete juu?"

Nilijua kabla hajamaliza. Nilimwona yule mgeni wa Veronika na kitenge chake.

Nikasema, "Nimelala nalo."

Akaniuliza kama kuna mtu amelikata. Nikamwambia Veronika alinitajia siku ya fundi, na siku yenyewe ni leo. Sijawahi kuona mtu mwenye miwani anakimbia vile.

Ndani ya gari alinieleza. Mbegu ikiwa nzima ndani ya chuma chake ni hatari lakini inakamatika, unakaa mbali, unaifunika, imekwisha. Fundi akipitisha mashine juu yake inakuwa unga. Unga unaingia kifuani, kwenye sufuria, kwenye nywele za watoto, na hakuna wa kuuokota. Nikamwambia usinieleze tena mwanangu, endesha. Simu ya Veronika haipatikani. Ya jirani yake haipatikani. Nilisali rozari bila rozari, nahesabu kwa vifungo vya gauni.

Pale getini kwa Veronika Injinia akashuka na chombo kama boga jeupe lenye mpini. Akaniambia mashine ya kila siku haikamati vizuri nyutroni, hii ndiyo ya kuikamata, hilo boga linaichosha kwanza ndipo bomba la ndani liihesabu. Nikasema najua, mume wangu aliniambia. Akanitazama. Halafu lile boga likaanza kulia. Tik. Tik-tik. Tuko bado nje ya ua, baba Skola! Simba ametoka zizini, na ndani nasikia watoto wanacheza.

Fundi alikuwepo. Amekaa kwenye baiskeli yake anakula muhindi, anasubiri waya wa umeme urefushwe kutoka kwa jirani. Nikamwambia toka. Akasema, "Bibi, nimeitwa kazini." Sijui nilimwambia nini, Skola anasema maneno hayo haandiki. Akaondoka.

Watoto wakatoka wakikimbilia gari. Aliyebaki ni Veronika. Amesimama mlangoni na khanga kiunoni, anatuona watu wa serikali na boga linalia, akafunga mlango wa chumba kwa mgongo wake.

"Hamchukui," akasema. "Huu ni wa Pasaka."

Injinia akamweleza kwa adabu, mama, shikamoo, ni hatari, kuna mionzi. Veronika akasema, "Mionzi ninaijua, niliwahi kupigwa picha ya mguu, sikufa."

Nikapaza sauti kutoka uani, maana Injinia alinishika mkono nisisogee. "Veronika! Toka nje!"

"Na wewe dada umewaleta! Umeona wivu Chanji hamna mshumaa kama huu!"

"Wivu wa nini, mwehu wewe! Nimelala hapo na mimi!"

"Ukaamka salama! Umekula ugali wangu mara mbili!"

"Kipo kwenye kitabu cha shemeji yako!"

"Mimi sisomi. Wewe husomi. Kitabu kinatusaidia nini mimi na wewe?"

Ni kweli. Nikamwambia Injinia fungua ule ukurasa, inua juu. Akainua kitabu kwa mikono miwili kama Padri anavyoinua Injili. Kwa mbali vile Veronika hawezi kuona herufi, lakini picha ni kubwa. Nikamwambia, "Tazama. Pete ile pale. Ile mifereji miwili chini ya pete, si ndiyo uliyofungia utepe? Nani aliwaambia wenye kitabu kwamba lina mifereji miwili? Waliichora shemeji yako hajaoa."

Akatazama. Akatazama sana. Nikaona mkono wake umeanza kupapasa kifua, pale kwenye skapulari yake iliyobarikiwa, anayoivaa shingoni. Akasema kwa sauti ndogo, kwa Kifipa sasa, "Dada, watoto walikuwa wanaupakata."

Akatoka. Akapita mbele yetu bila kututazama akaenda kukaa mbali kabisa, chini, kwenye majani, akajifunika khanga usoni.

Injinia na mwenzake waliingia na makoleo marefu, wakatoka nalo wamelinyoosha mbele, wakalizamisha kwenye pipa jipya walilokuja nalo. Lakini nta waliyokuwa nayo haikutosha kulizunguka lote. Akarudi kwenye kitabu, akapima kwa viganja unene unaotakiwa, akauliza ile nta nyingine iko wapi. Akina mama walikuwa wameshafika, wako nje ya ua wanachungulia. Wakatazamana. Akaondoka mmoja, akarudi na beseni. Halafu mwingine. Mishumaa yote, baba Skola. Ilishatiwa utambi, imepangwa vizuri kwenye matambara, mingine wameichovya rangi. Injinia akawaambia nta yenyewe haina ubaya. Wakaijaza pipani mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyeimba. Boga likapunguza kulia. Likapunguza. Likawa kama linasinzia.

Hiyo ndiyo habari ya pipa la kwanza.

Nilidhani nikisema yote hayo hofu itapungua. Haijapungua. Veronika na watoto wamepelekwa Mbeya kupimwa damu, na mimi wamenitoa yangu, majibu hayajarudi. Injinia anasema kwa muda tuliokaa nalo, na kwa kuwa halikukatwa, anatumaini mema. Nimemwambia neno kutumaini nalijua, hata mimi natumaini mvua. Kucha ikiuma nasema ndiyo hiyo. Nikikohoa nasema ndiyo hiyo. Nywele ikibaki kwenye kitana namwita Skola aje aione.

Na kuna lingine nilimwuliza Injinia, nikamwomba Skola atoke kwanza. Kuna ukurasa kitabuni una picha ya mtu ameshika lile gogo kwa mikono yake, anacheka. Injinia alipouona alikunja uso. Akasema, "Hapa ndipo vitabu vya zamani vinapotuponza, bibi. Mashine wanaieleza vizuri kuliko sisi, lakini walikuwa hawaogopi vya kutosha. Tunavisoma huku tumeshika vipya mkono wa pili." Nikamwuliza, mume wangu alishika hivyo. Aliugua tumbo akakonda akafa. Ni hiyo? Hakunidanganya. Akasema, "Sijui, bibi. Hakuna anayeweza kujua sasa." Nilimshukuru. Halafu nikaenda nyuma ya ofisi ya kata nikakaa.

Uliogopa wewe? Hukuwahi kuniambia. Ulikuwa unaoga kabla ya kumshika Skola, kila siku ukitoka kazini, hata kwenye baridi ile ya mwezi wa sita. Nilidhani ni usafi.

Sasa hili la pipa la pili. Injinia alikuwa anafunga kitabu, anasema asante bibi, kazi imekwisha. Nikasema, na lile lingine? Akasimama. Akaniuliza lingine lipi. Tangu hapo sijapata raha, na wao hawajapata. Pale lilipokuwa shamba sasa kuna familia ya Wasukuma, wamehamia na ng'ombe, watu wema, wana watoto wengi kama vifaranga. Injinia amewauliza kwa simu, wanasema mapipa wanayo, ya maji, ya pumba, moja wanafungia mlango wa zizi. Hawajui la nta. Wamesema wakiyasugua kutu watajua. Nikasema kwa Mungu wasisugue kitu!

Wakubwa wake kule Dodoma wanamwuliza ana ushahidi gani. Ana bibi, ndiyo ushahidi wake. Ameniuliza kwa upole sana, Skola yuko hapa shahidi. "Bibi, una hakika yalikuwa mawili? Miaka ni mingi. Labda uliona moja leo, na moja siku nyingine, lile lile."

Nikafumba macho nikakutafuta. Nilikuona. Ni mwezi wa kulima, nimekuletea chakula ghalani, ugali wa ulezi na maharage, nina mimba ya Skola, miguu imevimba. Ghala lina baridi nzuri. Hakuna kiti. Ukasema, "Kaa hapo juu, hapana shida, zizi limefungwa." Ukaniinua kwa kwapa ukanikalisha juu ya pipa, bati lake la baridi chini ya mapaja yangu, nikasikia raha. Na wewe ukapanda ukakaa ukatazamana na mimi, bakuli la maharage tumeliweka magotini, nusu kwako nusu kwangu, maana magoti yetu yalikuwa yanagusana. Ukanilisha tonge la kwanza. Ukasema mtoto atakuwa wa kike.

Nimemwambia Injinia hivyo hivyo. Akauliza, "Mlikaa wote wawili?"

Nikamwambia tulikaa wote wawili, na hatukubanana, mwanangu. Kila mtu alikalia lake.

Amevifunga vitabu vyako kwenye nailoni, anakuja navyo kesho garini. Mimi nitakaa mbele nionyeshe njia. Nakuaga sasa, baba watoto, ninaogopa na ninakwenda. Uniombee huko, na wale watoto wa Wasukuma.

Ni mimi mkeo,
Mama Skola